Bado, Mama

Asubuhi hiyo stesheni ilifurika watu hadi mlangoni. Treni mbili zilikuwa zimechelewa, abiria wamebeba mizigo na watoto, kila mtu anauliza na hakuna wa kumjibu, kwa sababu mwenye kazi ya kujibu naye alikuwa amechelewa. Ndiye huyo aliyekuwa anakimbia jukwaani, sketi ya sare ya kahawia, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi upande mmoja tu maana umeme ulikatika katikati, na viatu vipya vyeusi vinavyombana vidole. Kazi yake ilikuwa kutangaza treni na kujibu maswali dirishani. Mji mzima uliijua sauti yake na karibu hakuna aliyeijua sura yake, ndiyo maana wenzake walimwita Sauti.

"Dada! Dada simama! Umenikanyagia sita yangu!"

Sauti akasimama. Akatazama chini. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimezama katikati ya namba kubwa ya rangi ya njano, mbichi kabisa.

"Sita gani?"

"Hiyo uliyosimama juu yake. Ilikuwa sita. Sasa sijui niiite nini."

Aliyesema hayo alikuwa amepiga magoti sakafuni, kijana mrefu mwenye ovaroli iliyoloa kila rangi duniani, brashi mkononi, na kipande cha kadibodi kilichokatwa umbo la namba.

"Na nani kakwambia upake rangi mahali watu wanapita?"

"Mkuu wako wa stesheni. Anataka namba za majukwaa zionekane chini."

"Zimeonekana, hongera! Na kiatu changu je? Nimekinunua jana!"

"Kitapona. Nina mafuta ya taa hapa. Lete mguu."

"Mguu wangu nikuletee wewe? Una wazimu?"

"Basi lete kiatu, mguu baki nao."

Hakutaka kucheka, lakini alicheka. Akasimama kwa mguu mmoja kama kuku, ameshika nguzo, huku yule fundi akisugua soli kwa kitambaa, taratibu, kana kwamba hakuna treni wala abiria. Ghafla akaacha kusugua.

"Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Sema, abiria mnaombwa."

"Abiria mnaombwa kuacha kuwachelewesha wafanyakazi."

"Loo! Kumbe ni wewe! Miaka yote nilidhani ni mama mmoja mnene, ana miwani, ana wajukuu."

"Sasa umeniona, umesikitika?"

"Nimesikitikia muda niliopoteza," alisema, akamvisha kiatu.

Kesho yake fundi alikuja kwenye dirisha la maulizo. Akapanga foleni kama raia mwema. Ilipofika zamu yake akainamia kitundu cha kioo.

"Samahani, treni ya saa nne imefika?"

"Bado."

Baada ya kitambo akarudi. "Imefika?"

"Bado."

Akarudi tena.

"Wewe kaka unasafiri kwenda wapi?" Sauti akamuuliza.

"Sisafiri. Napenda tu unavyolisema. Bado. Watu wote wanalisema kama wanakufungia mlango. Wewe unalisema kama mtu anayekwambia kaa kidogo, chai iko jikoni."

Sauti alisema neno lile tangu anafungua dirisha hadi analifunga, na hakuwahi kulisikia. Siku hiyo alilisikia. Mapenzi ndivyo yalivyoanza, na tusitafute sababu nyingine kubwa zaidi.

Wakawa watu wa simu. Akimaliza zamu, simu inaita kabla hajavua viatu.

"Umenichoka?"

"Bado."

"Utanichoka lini?"

"Nikikuchoka nitakutangaza kwenye spika. Abiria wote, yule fundi mrefu nimemchoka, aje achukue mizigo yake."

"Nitakuja na foleni nitapanga."

Fundi alikuwa anaishi chumba kimoja nyuma ya karakana ya baiskeli. Mchana aliandika vibao: namba za nyumba, namba za mabasi, namba za mgongoni mwa wachezaji, HAPA HAPAPITIKI, USITEME MATE. Akirudi kwake alichora vyake mwenyewe. Mara ya kwanza Sauti kuingia mle alikuta ubao mkubwa wa kijani wenye nane moja ya waridi, basi. Mwingine umeandikwa TOKA, mwingine INGIA, rangi kali zinazogombana.

"Sasa hii ni picha au ni kibao?"

"Wewe unaona nini?"

"Naona nane."

"Iangalie tena."

Akaiangalia. Akaiangalia sana. Ile nane ikaacha kuwa hesabu, ikawa kitu kinene chenye tumbo na kiuno, kimesimama peke yake kwenye majani.

"Watu wanasoma kutwa nzima na hawaoni," fundi alisema. "Nataka neno liwasimamishe, kama wewe ulivyosimamishwa na ile sita."

"Mimi nilisimamishwa na kelele zako."

Siku moja akamfunika macho kwa kiganja, akamwingiza chumbani, akamfunua. Ubao ulijaa ukuta mzima. Herufi nne, nyekundu juu ya buluu, kubwa mpaka zimegusana: BADO. Na chini kwenye kona, sita ndogo ya njano.

Sauti akaanza kulia pale pale. Hakuna mtu aliyewahi kuchukua kitu chake, tena kitu kidogo namna ile, akakifanya kikubwa hivyo.

"Hii siuzi," fundi alisema. "Hii ni yako."

"Nitaitundika wapi? Kwetu hata kabati limeingia kwa shida."

"Itakaa hapa hapa. Utakuja kuitembelea."

Haikukaa. Mama mmoja mwenye ukumbi wa maonyesho, mwanamke wa suti na manukato makali, alikuja pale karakana kuziba pancha, akachungulia dirishani, akasahau baiskeli yake. Ndiye aliyekuja kuwa meneja wa fundi. Alizitaka picha zote, na hiyo ya BADO aliitaka kuliko zote. Fundi akampigia Sauti simu.

"Nikiitoa utakasirika?"

Sauti alisikia jinsi alivyokuwa akihema. Alisikia alivyotaka. Akasema, "Itoe tu. Neno haliishi."

Watu walipoiona walicheka kwanza, kisha wakanyamaza. Wasio na kazi walisema inawasema wao. Wanasiasa walisema inawasema wapinzani wao, na wapinzani wakasema hivyo hivyo. Walimu, wapangaji, wanawake wasioshika mimba, kila mtu aliisoma na kusema, huyu kanijuaje? Kufumba na kufumbua BADO iko kwenye fulana, kwenye vikombe, kwenye mikoba ya sokoni, nyekundu juu ya buluu, nyingi zikiwa za kuigwa na watu asiowajua hata kwa sura. Barabarani watoto walimfuata fundi wakiimba, Bwana Bado, Bwana Bado. Alihamia jengo refu lenye madirisha ya kioo. Akanunua koti jeupe. Akaanza kupokea simu akiwa amesimama.

Nyumbani kwa Sauti kulikuwa na mama yake, na hao wawili ndio waliokuwa nyumba nzima. Mama alikuwa mshonaji zamani. Sasa miguu ilivimba, moyo ulimsumbua, akawa anakaa karibu na dirisha na kazi ndogo ya sindano, kupinda mashati na kutia vifungo.

"Huyo fundi wako nitamwona lini?"

"Bado, mama. Ana kazi nyingi."

"Simtaki na zawadi. Simtaki na wazee. Nataka aingie mlango huu, akae kiti kile, nimwone uso. Nijue ninakuacha na nani."

"Mama, unaniacha unakwenda wapi?"

"Wewe mlete tu."

Fundi aliahidi Jumapili. Mama akaazima viti kwa jirani. Akavaa gauni lake la zambarau alilolishona mwenyewe, lenye kola ya lesi, akajipaka mafuta, akakaa wima kitini asije akalikunja. Kila mlango wa uani ukilia anashtuka. Mchana ukapita. Chakula kikapoa, kikapashwa, kikapoa. Simu ikaja jioni.

"Mpenzi, usinichukie. Wamekuja wageni kutoka nje, meneja kasema siwezi kuondoka."

"Mama amekaa tangu asubuhi."

"Niombee radhi. Jumapili ijayo, naapa."

"Umeshaapa."

"Sauti yangu. Umenichoka?"

"Bado," alisema, na kwa mara ya kwanza alilisema kama watu wengine wote.

Jumapili ijayo ikawa na safari. Iliyofuata ikawa na ufunguzi. Mama hakulalamika. Alichofanya ni kuliacha lile gauni limetundikwa nyuma ya mlango, lisirudi kabatini, lisije likahitajika ghafla.

Kisha ikaja siku ya redio. Fundi alialikwa kwenye kile kipindi cha asubuhi ambacho hakuna nyumba isiyokisikiliza. Mama alifurahi mno. Akamwita jirani yule wa viti, na bintiye, na fundi cherehani wa nyumba ya pili. "Njooni mmsikie mkwe wangu! Kama hawezi kuja kwa miguu, leo anakuja kwa redio!" Wakajaa sebuleni. Sauti alikuwa na zamu ya mchana, akabaki, akasimama jikoni mlangoni na kikombe mkononi. Alikuwa na fahari, tusimfiche.

Asichokijua ni kwamba meneja alikuwa amebuni mchezo. Swali lolote atakaloulizwa, msanii atalijibu kwa neno moja tu. Watu watacheka, watalikumbuka, na fulana zitatoka.

"Karibu studio, Bwana Bado! Umechoka na umaarufu?"

"Bado."

Kicheko.

"Umetajirika?"

"Bado."

Kicheko kikubwa. Sebuleni nako walicheka, mama kuliko wote, mpaka akajishika kifua.

"Haya, kina dada wananiandikia hapa. Umeoa?"

"Bado."

"Kuna mtu umekwenda kwao kujitambulisha?"

"Bado!"

Mama akaacha kucheka.

"Lakini basi, wa moyo wako umeshampata? Yupo?"

Hapo kulikuwa na kimya. Kifupi, kama mtu anayemeza mate. Sauti alikijua kimya kile, alikuwa amekisikia mara nyingi kwenye simu. Akajisemea, sasa ataacha mchezo. Sasa atasema.

"Bado," redio ikasema, na studio nzima ikapasuka kwa kicheko.

Sebuleni hakuna aliyecheka. Jirani alitazama sakafu. Mama akanyoosha mkono, akazima redio, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Jamani, joto. Hebu nifungulieni dirisha." Dirisha lilikuwa wazi.

Simu ilikuja saa hiyo hiyo, fundi bado anacheka.

"Umenisikia? Nilikuwaje?"

"Nimekusikia."

"Mbona hivyo? Mpenzi, ule ulikuwa mchezo. Meneja ndiye..."

"Mama alikuwa anasikiliza. Aliita watu, akawaambia njooni mmsikie mkwe wangu."

Fundi akaacha kucheka.

"Nilitaka kukutaja," akasema mwishowe. "Lile swali la mwisho, nilitaka. Neno likatangulia."

"Neno hilo nilikupa mimi."

"Najua."

"Ulikuwa unaniuliza kama nimekuchoka, nakujibu hivyo, nalala na furaha. Sasa mji mzima umejibiwa hivyo kunihusu mimi. Nikitembea nalikuta kwenye fulana ya mtu. Nikiketi dirishani kazini siwezi kulisema, nawaambia abiria treni haijafika. Huna habari mimi silisemi tena?"

"Sauti, nisikilize."

"Usinipigie."

Alipiga. Hakupokelewa. Akaja stesheni, akakuta Sauti amebadilisha zamu. Baadaye meneja akampeleka nje ya nchi na picha zake, na huko, bila shaka, waliitaka picha moja tu. Aliwapelekea namba, aliwapelekea maneno mapya, usiku na mchana alikata kadibodi. Wakatazama, wakapiga makofi kwa adabu, wakauliza, na ile nyekundu iko wapi?

Mama alifariki fundi akiwa huko nje. Daktari alisema ni moyo, na moyo ule ulikuwa mbovu tangu zamani. Sauti aliamini hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Lakini siku za mwisho mama hakumuulizia tena yule fundi, hata mara moja, na hilo ndilo Sauti alishindwa kulibeba. Angalau angeuliza. Angeweza kumjibu lolote.

Fundi aliporudi alishuka stesheni na mkoba wake, akasikia treni zinatangazwa na sauti ya mwanamume. Akaenda dirishani. Huko ndiko alikoambiwa habari za msiba.

Akaja nyumbani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona mlango ule kwa karibu. Siku zote alimwacha Sauti kwenye kona ya barabara. Shati lake lilikuwa limekunjamana kwa safari. Sauti alifungua akiwa amejifunga khanga nyeusi, macho yamevimba, nywele hazijasukwa. Wakatazamana. Sauti alikuwa amejiandaa kumfukuza, maneno alikuwa nayo tayari, makali, ameyapanga. Alipomwona tu alivyokonda akamwangukia kifuani, akalia kwa sauti mpaka jirani akatoka nje, akarudi ndani.

"Nisamehe," fundi alikuwa anasema. "Nisamehe, nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Hilo halinipi taabu."

"Niambie nikufanyie nini. Lolote."

Sauti akajifuta uso kwa pindo la khanga. "Una rangi?"

"Ninayo."

"Kibao cha mama wamekiandika kwa haraka, kwa chaki. Mvua imefuta. Sasa hajulikani yuko wapi. Nikienda nahesabu makaburi."

Wakaenda wote wawili, asubuhi, na kopo la rangi nyeusi na brashi zake nyembamba. Kibao kilikuwa cha mbao nyeupe, kimeinama kidogo. Fundi akakinyoosha, akakishindilia udongo, akakifuta kwa kitambaa mpaka kikakauka. Akapiga mistari miwili ya penseli, akachovya brashi, akapiga magoti. Kisha mkono ukabaki hewani.

Sauti akadhani anaomba. Akasubiri.

"Samahani," fundi alisema bila kugeuka. "Mama alikuwa anaitwa nani?"

Ni hapo Sauti alipoelewa kila kitu, na fundi naye alielewa, maana bega lake lilishuka kama la mtu aliyepigwa. Miaka ile yote, simu zile zote, mapenzi yale ambayo hayakuwa ya uongo hata siku moja, na jina la mama hakuwahi kuliuliza. Lilikuwa mama yako. Mama anaendeleaje. Msalimie mama.

"Nitakutajia herufi," Sauti alisema. "Andika."

Akamtajia kwa ile sauti yake ya kazini, safi, pole pole, herufi moja baada ya nyingine, ili asije akavunjika katikati. Fundi akaandika kwa mkono mtupu bila kadibodi. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke. Kisha mwaka wa kuzaliwa. Kisha kistari. Kisha mwaka huu. Zilikuwa herufi nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Hakuna atakayezichapa kwenye fulana.

Alipomaliza aliketi juu ya visigino vyake.

"Nilikuwa na jambo la kumwomba."

"Najua ulikuwa nalo."

"Nikuombe wewe?"

"Usiniombe."

"Hunipendi tena."

"Nakupenda. Ningekuwa sikupendi ningekukubalia, tungekaa tu kama watu. Nakupenda, na kila nikikutazama nasikia redio. Nimejaribu kutoisikia. Hata sasa hivi, umepiga magoti hapo, naisikia."

"Itapita."

"Labda. Lakini mimi siwezi kukaa tena kusubiri kitu kipite. Nyumba yetu imesubiri vya kutosha. Nimeomba uhamisho, wamenikubalia stesheni ya mbali. Naondoka wiki hii."

Fundi akatingisha kichwa pole pole kukubali. Hakubishana. Alitaka sana kubishana, lakini alitazama kile kibao akafunika kopo la rangi. Sauti akaketi kando yake kwenye majani, akamshika mkono wenye rangi, akaulaza mapajani mwake. Wakakaa hivyo muda mrefu, mtu aliyepita njiani angedhani ni mume na mke.

Mwishowe fundi akasimama. Akajifuta viganja kwenye suruali, akafunga vifungo vya shati hadi juu, akaweka ukosi sawa. Akasogea mbele ya kaburi, akainama kama mtu anavyoinama mlangoni kwa wakwe.

"Shikamoo, mama."

Akabaki ameinama. Sauti alimwona anangoja, kichwa chini, mikono imeshikana mbele, kwa adabu zote, na hakuinuka. Akamwendea, akamwekea mkono mgongoni.

"Inuka, mpenzi wangu," alimwambia. "Hawezi kuitikia."